Baharia Asiye na Bandari: Uhakiki wa Fani ya Matini Zinazohama Ndani ya Nzi wa Matunda

Msimu wa korosho ukifika Chunyu, huku Ruangwa na Nachingwea, korosho huenda ghalani na mabibo hubaki chini ya mkorosho. Mengine huliwa papo hapo, mengine hukamuliwa, na maji yake yakilala kwenye ndoo siku moja mbili yanageuka uraka. Hapo ndipo wanapotokea: nzi wadogo wasiozidi punje ya mtama, rangi ya udongo wa manjano, macho mekundu. Funika ndoo kwa kipande cha khanga, watatua juu ya khanga. Ukiwatazama unaweza kuapa kwamba wamezaliwa na harufu yenyewe.

Tusiwachanganye na yule nzi mkubwa zaidi anayetoboa embe na kutaga ndani yake, aliyeingia Afrika Mashariki kutoka Asia na kugunduliwa Kenya mwaka 2003, ambaye wakulima wa maembe wanamjua kwa hasara. Huyu wetu hatoboi kitu. Husubiri tunda lichachuke lenyewe, kisha huifuata hamira. Wataalamu humwita Drosophila melanogaster, na ndiye mdudu aliyechunguzwa kuliko wote katika elimu ya urithi. Naye ni mwenyeji wa bara hili. Mwaka 2018 watafiti walieleza jinsi walivyomkuta akiishi porini Matobo, nchini Zimbabwe, kwenye matunda ya mng'ongo, mti unaoota pia katika mapori ya Tanzania. Dunia nyingine ilimpata kwa sababu aliandamana na chakula na vyombo vya binadamu.

Ila ndani ya mwenyeji huyu wamo wageni. Takriban sehemu moja ya tano ya DNA yake ni matini zinazoweza, au zilizowahi kuweza, kuhama kutoka mahali pamoja pa kromosomu kwenda pengine. Wanabaiolojia huziita transposoni. Mimi nitaziita virukaji, kwa kuwa ndicho zinachofanya.

Nimechagua virukaji viwili ili nivisome kama tunavyosoma shairi darasani: fani kwanza, maudhui baadaye. Waliotangulia walianza na maudhui, wakauliza kirukaji kinafaa nini, na majibu yao yakawa ama tusi ama sifa. Anayeanza na fani huona jambo jingine. Katika matini hizi, ncha ndizo kazi yenyewe na katikati si lazima kuwepo. Maana huja baadaye, kutokana na mahali kirukaji kilipotua na nani anakisoma.

Matini

Kazi ya kwanza ina herufi 1,286 na haina mtunzi. Ilipatikana katika Drosophila mauritiana, binamu wa nzi wetu anayeishi kisiwani Mauritius, mbele ya pwani yetu hii katika Bahari ya Hindi. Mwaka 1986 James Jacobson, Meetha Medhora na Daniel Hartl waliichapisha na kuipa jina mariner, yaani baharia.

Waliifikia kupitia jicho. Nzi huyu kwa kawaida ana macho mekundu, kama wa kwenye ndoo ya uraka. Palikuwa na ukoo mmoja maabara uliokuwa na macho yaliyopauka, rangi ya tunda la pichi. Jeni inayopitisha rangi kuingia jichoni huitwa white, yaani nyeupe, kwa sababu ikiharibika jicho huwa jeupe. Katika ukoo ule, jeni hiyo haikuwa imefutwa. Ilikuwa imepachikwa matini ngeni, kama mtu anayesoma barua akakuta katikati yake karatasi ya barua nyingine.

Ushahidi kwamba karatasi ile ilikuwa ya kupachika ulikuwa madoa. Baadhi ya wazao walikuwa na jicho la pichi lenye doa jekundu. Doa lilikuwa na maana moja: wakati jicho linakua, katika seli moja kirukaji kilichomoka, jeni ikasomeka tena, na seli zote zilizotokana na ile moja zikapata rangi yake. Doa kubwa lilimaanisha kimechomoka mapema, doa dogo kimechelewa. Mkulima yeyote wa huku ameshaona jambo la namna hiyo bila darubini. Katika fungu la mahindi ya mbegu za kienyeji hakosekani gunzi lenye punje za madoadoa. Ni kwa kusoma madoa ya namna hiyo ndipo Barbara McClintock, miaka ya 1940 huko Marekani, alipotambua kwamba vipo vipande vya kromosomu vinavyohama. Wenzake walimsikiliza kwa mashaka miaka mingi, na Tuzo ya Nobel ikamfikia mwaka 1983, akiwa na umri wa miaka 81.

Sasa angalia jambo ambalo msomaji wa haraka hulipita. Nakala ya baharia iliyokaa ndani ya jeni ya jicho ilikuwa mbovu. Kirukaji kamili hubeba katikati yake maelezo ya kutengenezea kimeng'enya, mkasi unaokikata kutoka mahali na kukipandikiza pengine. Maelezo ya nakala ile yalikuwa na makosa na mkasi wake haukukata. Hata hivyo iliruka. Iliruka kwa mkasi wa nakala nyingine nzima, iliyoitwa baadaye Mos1, iliyokuwa mahali pengine katika jenomu hiyohiyo, yaani DNA yote ya nzi yule. Nakala ile haikuwa na maneno yanayoeleweka, ila vina vyake vilikuwa salama. Hilo ndilo swali la fani: vina hivyo vimejengwaje?

Muundo: vina vya ncha

Ili tuvione vizuri, tuchukue kazi ya pili, kirukaji P, kinachokaa ndani ya melanogaster mwenyewe. Kina herufi 2,907. Zile 31 za mwanzo zinaanza hivi: CATGAT. Ukienda mwisho kabisa wa matini, herufi sita za kumalizia ni ATCATG. Kwa macho hazifanani. Lakini DNA ina nyuzi mbili zinazotazamana, A ikikaa mkabala na T, C mkabala na G, na uzi wa pili husomwa kwa kuelekea upande wa pili. Shika mwisho wa matini, vuka uende uzi wa pili, soma kurudi nyuma: CATGAT. Ni kina kilekile. Ukiingia kwa mlango wa mbele au wa nyuma unapokewa kwa salamu moja, mpaka herufi ya thelathini na moja.

Baharia ana mpango huohuo, ila ncha zake zina herufi 28 na hazilingani kikamilifu. Zipo herufi zilizopotoka. Mwalimu mkali wa ushairi angeandika pembeni neno guni. Kimeng'enya si mwalimu mkali. Hutambua kina, hukishika cha mwanzo na cha mwisho, huvikutanisha, hukata.

Hapa tunaweza kuona tofauti kati ya kina cha kirukaji na kina cha shairi. Katika shairi la unne la mizani kumi na sita, kina cha kati na cha mwisho humsaidia mwimbaji kujua pumzi inatua wapi, lakini mzigo wa shairi umo ndani ya maneno yaliyo kati ya vina. Ukiondoa maneno ukaacha vina peke yake, utabaki na ngoma isiyo na mwimbaji. Katika kirukaji, ukiondoa maneno ukaacha vina na vipande vichache vya jirani yake, kazi inaendelea, mradi pawepo nakala nyingine nzima inayolipa gharama. Ndiyo maana jenomu ya nzi imejaa nakala zilizokatika katikati. Mojawapo, iitwayo KP, imepoteza zaidi ya nusu ya herufi za P, ikabaki na kama 1,150. Ncha zake zote mbili zipo. Huruka.

Fani ya pili ya muundo ni alama ya kuingilia, na hapa utamaduni wetu una mfano wa karibu zaidi kuliko ule wa maabara: takhmisi. Mshairi wa takhmisi huchukua mishororo ya mwenziwe aliyetangulia, akaitangulizia yake mpaka ubeti ukatimia mishororo mitano, na yote ikafuata kina cha mwenyewe. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, ndiye anayetajwa kuutia takhmisi utungo wa Liyongo. Mpachikaji wa takhmisi ni mgeni mwenye adabu, huvaa sauti ya nyumba aliyoingia.

Kirukaji hakivai sauti ya mtu. Huingia na vina vyake. Lakini nyumba yenyewe hubadilika pale kilipoingia. Kimeng'enya hakikati nyuzi mbili mahali pamoja. Hukata mshazari, kama karatasi iliyochanwa kwa mkono, na seli huja kujaza upungufu wa kila upande. Matokeo yake ni kwamba herufi chache za mwenyeji, ambazo mwanzo zilikuwa mara moja tu, sasa zipo mara mbili, moja kila upande wa mgeni. Kwa P ni herufi nane. Kwa baharia ni mbili, T na A, kwa kuwa hatui ila palipo na herufi hizo. Na baharia akiondoka haondoki safi. Mara nyingi huacha nyuma herufi tatu katikati ya ile TA iliyojirudia. Hata jeni iliyopona, basi, ina kovu. Mhakiki wa miswada ya kale angelielewa hili mara moja: mkono wa mnakili hujulikana kwa kosa analolirudia.

Mtindo: matini moja, visomo viwili

Mtindo wa P umenishangaza kuliko muundo wake. Matini yake ya katikati imegawanyika vipande vinne, na kati ya kipande na kipande kuna maneno ya kuondolewa kabla ya kusomwa, yaitwayo introni. Introni ziko tatu. Mwaka 1986, mwaka uleule wa baharia, Frank Laski, Donald Rio na Gerald Rubin walionyesha kwamba ile ya tatu haiondolewi kila mahali. Katika seli za uzazi, yaani zile zitakazokuwa yai au manii, zote tatu huondolewa, vipande vinne huungana, kimeng'enya kamili hupatikana, na kirukaji huruka. Katika seli za mwili, za bawa na mguu na jicho, introni ya tatu huachwa. Msomaji hukutana na kituo kabla ya mwisho, na kinachotoka ni protini fupi isiyokata. Tena si kwamba haikati tu. Huwa kizuizi cha kukata.

Herufi ni zilezile, maana ni mbili, na kinachoamua ni nani anasoma. Washairi wetu wa mafumbo wameishi kwa mbinu hii: utungo mmoja unaimbwa mbele ya umati, wengi wanasikia habari ya ua au ya chombo, na mmoja aliyekusudiwa anasikia habari yake. Anayetazama kwa jicho la faida ataona kwa nini mtindo huu umedumu. Kirukaji kinachoruka ndani ya bawa hufa na nzi huyo na huenda kikamdhuru kabla hajataga. Kinachoruka ndani ya yai hurithiwa. P hakijui lolote la haya. Matini zilizojimaliza kwa kusomwa ovyo hazikutufikia. Zilizotufikia ni zile ambazo mtindo wake ulinyamaza mwilini na kusema kwenye mbegu.

Upande wa mama

Mtindo huo una gharama, na gharama hiyo ndiyo iliyokifichua P. Katika miaka ya 1970 wataalamu waliona kwamba dume aliyekamatwa porini akipandana na jike wa ukoo wa zamani wa maabara, watoto huzaliwa na kasoro. Penye joto la nyuzi 29 hivi, mifuko yao ya mayai husinyaa na wanakuwa tasa. Ukigeuza ndoa, jike wa porini na dume wa maabara, watoto ni wazima. Margaret Kidwell na wenzake waliliandika tatizo hili kwa kirefu mwaka 1977. Urithi wa jeni ni uleule pande zote mbili, nusu kwa baba na nusu kwa mama. Tofauti ilikuwa nani ameleta nini.

Msomaji wa kusini mwa Tanzania ana faida hapa. Katika jadi za Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde, ukoo huhesabiwa kuukeni, na mjomba ana neno kwa mtoto kuliko wengi wanavyodhani huko kwingine. Hatuhitaji kuelezwa kwamba mtoto anaweza kuwa wa wote wawili na bado akapokea jambo fulani kwa mama peke yake. Kwa nzi, jambo hilo ni ulinzi. Mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba jike mwenye P huweka ndani ya yai vipande vidogo vya RNA, vyenye herufi zisizofika 30, vinavyolingana na matini ya P. Vipande hivi humtambua mgeni kwa maneno yake mwenyewe na kumnyamazisha. Dume ana P pia, lakini manii haina nafasi ya kubeba ulinzi huo. Akimpa P jike asiyekijua, anaingiza mgeni katika nyumba isiyo na mlinzi.

Na ulinzi wenyewe umetengenezwa na nini? Kwa nzi wa matunda, sehemu kubwa ya vipande hivyo vya RNA hutoka kwenye maeneo maalumu ya kromosomu yaliyojaa mabaki ya virukaji vilivyokufa. Mojawapo huitwa flamenco. Ukisoma herufi za eneo hilo hukuti jeni yenye maelekezo ya kutengeneza protini. Unakuta vipande vya virukaji vya aina nyingi, vilivyovunjika, vilivyogeuzwa, vimerundikana juu ya vingine. Mhakiki wa haraka angesema hapa hakuna kitu. Kumbe hapa ndipo nzi alipoandika majina ya waliowahi kumvamia, na kila kizazi cha mama huyasoma kwa sauti ya chini kabla mtoto hajaanza kukua.

Msafara

Kwa nini koo za maabara hazikuwa na P? Kwa sababu zilikusanywa kabla P hakijafika. Nzi waliokamatwa kabla ya katikati ya karne ya 20 na kuhifadhiwa wakizaliana kwenye chupa hawana kirukaji hiki. Wa porini wa leo, dunia nzima, wanacho. Maabara zilikuwa zimetunza nakala za kale za muswada, zilizonakiliwa kabla mtu hajaongeza beti zake, nazo zikawa ushahidi. Nzi aliyetoka Afrika akakaa na binadamu kwa maelfu ya miaka bila matini hii aliipata karibu juzi, ndani ya umri wa mtu mzima aliye hai.

Mwaka 1990 ilithibitishwa kwamba P cha Drosophila willistoni, nzi wa Amerika ya Kati na Kusini asiye wa karibu kabisa na wetu, kinatofautiana na cha melanogaster kwa herufi moja tu kati ya 2,907. Jeni za kawaida za wadudu hao wawili zimeachana sana. Matini inayofanana hivyo haikurithiwa kwa mababu. Ilivuka. Mmoja wa wanaoshukiwa kuivusha ni utitiri aitwaye Proctolaelaps regalis, anayetoboa mayai ya nzi huyu na baadaye ya yule kwa mdomo uleule. Kisha safari haikuishia hapo. Mwaka 2015 Robert Kofler na wenzake walieleza kwamba P kimeshaingia kwa Drosophila simulans, pacha wa nzi wetu ambaye kwa jicho tupu huwezi kumtofautisha naye, katika makundi kutoka Afrika Kusini na Florida.

Baharia naye amesafiri kwa njia hiyo. Hayumo ndani ya melanogaster. Yumo ndani ya simulans na jamaa zake kadhaa, na mwaka 1991 Hartl na Kyoko Maruyama walionyesha kwamba amevuka hadi kwa Zaprionus, nzi wa jenasi ya Kiafrika utakayemjua kwa mistari myeupe inayompita kichwani na mgongoni. Binamu zake wamo hata ndani yetu. Zaidi ya miaka milioni 40 iliyopita, mmoja wao aliingia kwa nyani wa kale ambao sisi ni wazao wao, akaungana na jeni jirani, na sasa ni kipande cha jeni ya binadamu iitwayo SETMAR. Anayesoma makala hii anasoma akiwa naye.

Mandhari: pale kinapotua

Mahali kirukaji kinapotua panaweza kugeuza maana yake yote. Kikitua katikati ya jeni ya jicho, jicho linapauka. Kikitua pembeni ya jeni, kinaweza kuipaza sauti. Mwaka 2002 ilielezwa kwamba nzi wenye uwezo wa kustahimili DDT, dawa iliyopulizwa sana dhidi ya mbu na wadudu wa mashamba, wana kipande cha kirukaji kiitwacho Accord mbele ya jeni Cyp6g1, jeni inayohusika na kuvunja sumu mwilini. Kipande hicho hakikubadili hata neno la jeni. Kiliifanya isomwe kwa wingi zaidi. Sumu ikapuliziwa, waliokuwa na kipande wakaishi.

Mfano ulio mzito zaidi uko kwenye ncha za kromosomu zenyewe. Kila seli ikigawanyika, ncha hupungua kidogo, kama kamba inayochakaa miisho. Binadamu na viumbe wengi wana kimeng'enya maalumu cha kuzirefusha. Nzi wa matunda hana. Badala yake, virukaji vitatu vya jamii moja, HeT-A, TART na TAHRE, huruka na kutua kwenye ncha tu, kimoja baada ya kingine, na kromosomu hurefuka kwa migongo yao. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wamepewa jembe, na bila wao shamba lingekwisha.

Kasoro, si za matini, za wasomaji

Mwaka 1972 Susumu Ohno aliipa umaarufu lugha ya DNA takataka. Mwaka 1980 makala mbili katika toleo moja la Nature, moja ya Ford Doolittle na Carmen Sapienza, nyingine ya Leslie Orgel na Francis Crick, zilipendekeza kwamba DNA ya namna hii hudumu kwa sababu inajinakili vizuri, bila kumfaa aliyeibeba. Tangu hapo wengine wamegeuka wakaviita virukaji vyombo vya mageuzi, kana kwamba nzi aliviagiza dukani.

Lugha ya takataka inaanguka kwa HeT-A na kwa flamenco. Lugha ya vyombo inaanguka kwa hesabu ya kawaida. Miaka ya 1980, Brian Charlesworth, Charles Langley na wenzao walipochunguza nzi wa porini walikuta kwamba sehemu nyingi zenye kirukaji zinacho kwa nzi mmoja mmoja tu kati ya wengi. Wingi wa kupachikwa ni madhara au si chochote, na uteuzi wa asili hufuta kimyakimya. Accord ni mshororo mmoja uliobahatika kati ya maelfu yaliyofutwa. Walio karibu na ukweli ni wale wa mwaka 1980, kwa sababu bila kusema neno fani waliisoma fani: waliuliza matini hii inajinakilije kabla ya kuuliza inasema nini.

Jina baharia nalo nalipinga kwa nusu. Baharia wa Kilwa au Lindi hutoka na kusi akirudi na kaskazi, ana bandari na ana watu wanaomngoja. Kirukaji hakina kwao. Kila kinapotua ni kwao mpaka kitakapong'olewa au kuoza. Lakini jina lina haki kwa jambo moja: baharia hupimwa kwa chombo chake, si kwa shehena. Shehena ya mariner ilipooza ndani ya jicho la pichi, chombo kiliendelea kuelea.

Hukumu yangu ni hii. Kwa fani, kazi hizi mbili zina alama za juu: fupi, zenye vina viwili vya kioo, na ya pili inajua kunyamaza mwilini na kusema kwenye mbegu. Kwa maudhui, zenyewe hazina. Maudhui yote tunayoyaona, utasa, ulinzi wa mama, ustahimilivu wa sumu, ncha za kromosomu, yametiwa na nyumba zilipoingia na wasomaji waliozisoma humo. Anayetaka kujua mageuzi ya nzi wa matunda asitafute mtunzi. Atafute nani alipachika, wapi, na nani alisoma baadaye.

Mwaka 1910, katika Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, Thomas Hunt Morgan alimkuta nzi dume mmoja mwenye macho meupe kati ya wenye macho mekundu. Kwa kumfuatilia nzi huyo na wazao wake, sayansi ilijiridhisha kwamba jeni hukaa juu ya kromosomu, na elimu yote ya urithi ya karne ya 20 ikajengwa juu ya msingi huo. Karibu miaka 80 baadaye jeni ile ya jicho ilisomwa herufi kwa herufi. Ndani yake palikuwa na kirukaji kiitwacho Doc.